Karamu ya Kumaliza Uchumaji Isiyoacha Taka Shambani



Karafuu zikisha kuchumwa, ni desturi yetu kuwapikia wachumaji kabla hawajarudi makwao. Hupikwa uwanjani, chini ya miembe, na watu huwa wengi. Desturi hii ni njema wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini miaka hii ya karibuni, asubuhi ya pili uwanja huwa mweupe kwa sahani za plastiki, vikombe na chupa za maji, na jambo hili sisi wenye mashamba yatupasa tulitazame.

Hebu tuhesabu. Wageni 100, kila mmoja sahani 1, kikombe 1 na chupa 1, ni vitu 300 kwa mlo mmoja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, lakini sahani na chupa zingali zaingia mashambani. Mvua huzichukua mpaka mikokoni, na nyingine huliwa na ng'ombe na mbuzi wetu, ambao matumbo yao hayawezi kuziyeyusha.

Wengine huzichoma moto, na hapo hasara huingia mfukoni mwetu wenyewe. Moshi wa plastiki una sumu, na karafuu ni nyepesi kushika harufu. Mara nyingi siku ya karamu yangaliko majamvi ya mwisho uwanjani, nayo yataka siku 4 au 5 za jua zuri. Mnunuzi akisikia harufu ya moshi katika gunia, hana haja ya kuuliza ulikuwa moshi wa nini. Atashusha daraja, basi. Karibu kilo 3 za karafuu mbichi ndizo zitoazo kilo 1 kavu. Ni aibu kazi yote hiyo kuharibiwa na sahani ya kutupa.

Kwa hiyo jiko lisiwe karibu na majamvi, na upepo utazamwe. Kusi ikivuma hutoka kusini, basi mafiga yawekwe upande wa kaskazini wa majamvi. Kaskazi ikisha kuingia, mambo hugeuka. Kuni ziwe matawi makavu yaliyoanguka, vifuu na makumbi. Mikoko isikatwe kwa ajili ya pilau. Tena tumeona watu wakitupa makonyo motoni kwa kuwa yanawaka vizuri na kunukia. Konyo ni mali, jamani! Lina mafuta kiasi cha asilimia 5 au 6, na mafuta hayo hutolewa kwa mvuke hapa hapa Pemba na kuuzwa. Heri makonyo yaanikwe yauzwe, na fedha yake inunue nyama ya karamu.

Sasa vyombo. Sinia 1 yatosha watu 4 au 5, hivyo wageni 100 wataka masinia 20 hadi 25. Nyumba moja haina masinia yote hayo, lakini nyumba 5 au 6 za jirani zinayo. Kila mwenye sinia alipige alama ya rangi chini, maana masinia yakichanganyika huleta maneno. Yasipotosha, hutumika majani ya mgomba. Jani lipitishwe kwanza juu ya moto kidogo lilainike, la sivyo litapasuka na mchuzi utamwagika. Baadaye apewe mbuzi. Maji yawe katika mitungi, kata iwe ya kuchotea tu, na kila mgeni aje na kikombe chake cha bati. Penye madafu, chombo kimekuja na kinywaji chake.

Wako wasemao kwamba sahani za kutupa zawapumzisha wanawake wasioshe vyombo usiku. Neno hili lina haki ndani yake, kwani wao ndio waliopika tangu alfajiri. Lakini dawa ni kupanga zamu ya kuosha kabla ya siku yenyewe, na zamu hiyo wapewe vijana wanaume. Yawekwe makarai 3: moja la maji ya moto na sabuni, mawili ya kusuuza. Kijana aliyepanda mkarafuu wa futi 40 hashindwi na sinia.

Chakula kisipikwe kwa kukisia, maana hapo ndipo israfu huanzia. Kwa pilau yenye nyama, kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 au 8. Kwa 100 zatosha kilo 14, na tuongeze 2 kwa wale wasioalikwa, ambao hawakosi. Muhogo na shelisheli za kuchoma hushibisha na hazihitaji sahani. Pilau ikibaki igawiwe jioni ile ile, isilale sufuriani ikachacha. Maganda yaende katika shimo la mbolea, makombo wapewe kuku, na mifupa ifukiwe chini sana mbwa wasiifukue. Moto uzimwe kwa maji, na majivu yakisha kupoa yamwagwe kwenye migomba.

Mwaka huu chama hakitanunua sahani za plastiki kwa karamu ya tawi lolote. Wenye masinia, mitungi au makarai ya kuazimisha wampe katibu wa tawi hesabu yake mapema, pamoja na alama waliyoipiga.