Jasho Halina Pa Kwenda: Kiti cha Plastiki, Mkeka na Godoro

Sayansi ya Vitu vya Nyumbani, Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliishia jikoni, baina ya chungu na sufuria. Leo tukae. Makala haya yalianzia kwenye arobaini ya jirani yangu hapa Tanga, mwezi wa Februari, chini ya turubai, kwenye viti vyeupe vya kukodi. Shehe alirefusha dua. Tulipoinuka, kanzu yangu ikagoma kuinuka nami. Ilinibidi niibandue kwa mkono huku nikijidai natafuta kofia. Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa na kazi hiyohiyo. Akaninong'oneza, "Mwalimu, plastiki hizi zina moto."

Nikamwitikia, maana arobaini si mahali pa kubishana. Lakini plastiki haina moto, na anayetaka kuhakikisha afanye jambo dogo. Alfajiri, jua halijatoka, weka mezani kijiko cha chuma, mwiko na bakuli la plastiki, uviache nusu saa. Kisha kimoja kimoja kiguse kwa shavu. Kijiko kitakustua kwa ubaridi. Mwiko na bakuli havitakushughulisha sana. Na bado vyote vitatu vimelala chumba kimoja, na joto lao ni moja. Ngozi yetu haipimi joto la kitu. Inachohisi ni kasi ya joto letu wenyewe kutuhama, na chuma hupitisha joto mara zaidi ya 200 kuliko polipropilini, plastiki inayotengenezewa vile viti vyeupe. Mbao na polipropilini, kwa upande huo, hazipishani sana. Kama jambo lingekuwa joto peke yake, kiti cha mninga na kiti cha kukodi vingekuwa ndugu.

Kinachovitenga ni jasho. Mwili wa mtu aliyetulia tu hutoa joto la wati kama 100, sawa na balbu zile za zamani, na hewa ya pwani inapokaribia joto la ngozi, njia kubwa iliyobaki ya kulitoa ni kutoka jasho likauke. Kukauka ndiko kunakopoza. Kila gramu ya jasho inayogeuka mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi. Jasho lililoshindwa kukauka ni maji tu, tena ya chumvi. Sasa mbao ina kiu. Katika hewa ya kawaida yenye unyevu wa asilimia 65, ubao uliokauka vizuri hubeba maji yanayofikia asilimia 12 ya uzito wake, na ukiukalia huvuta kidogo kutoka kwako. Polipropilini haivuti kitu. Jasho la paja linakwama kati ya ngozi na kiti, nguo inalowa, na nguo iliyolowa hung'ang'ania.

Hapa wapenzi wa samani za mbao wasishangilie mapema. Ubao uliopigwa vanishi matabaka matatu mpaka ukawa kioo umeshavishwa plastiki. Makochi ya ngozi ya bandia nayo, yale yanayomfanya mgeni ainuke kwa mlio, tuyataje tupite.

Kiti chenyewe kinastahili heshima zaidi ya inayopewa. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chake kilichoitwa Fauteuil 300, na kikawa mfano wa mamilioni yaliyofuata duniani. Kimetoka katika kalibu kikiwa kipande kimoja, hakina msumari wala gundi: plastiki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 220 husukumwa ndani, ikapoa, kiti kikatolewa. Kinafika kilo mbili na nusu hivi, kwa hiyo mtoto anaweza kukibeba kichwani. Tena kina raha ambayo ubao hauna. Ukiegemea, mgongo wake hukubali kidogo, na sehemu ya kukalia imepindwa kufuata umbo la mtu, ilhali benchi la mbao huanza kukuuma mifupa kabla hotuba ya kwanza haijakwisha. Kasoro yake ni kwamba matundu mengi yamewekwa mgongoni. Makalio, ambayo ndiyo yanayobeba uzito, yameachiwa kitundu kimoja au viwili vya kumwagia maji ya mvua.

Matundu ndiyo kiini cha mambo yote haya, wala si jina la mali ghafi. Chukua jezi ya mpira. Ni poliesta, plastiki kabisa; katika hewa niliyoitaja, kilo moja ya poliesta hushika gramu 4 tu za maji, na kilo ya pamba hushika 85. Kwa hesabu hiyo mchezaji angepaswa kulilia fulana ya pamba. Halilii, kwa sababu jezi imefumwa wazi, na jasho hutambaa juu ya nyuzi mpaka upande wa nje, likakauke huko. Pamba hulinywa ikalikalia, fulana ikawa nzito. Lakini mpe mtu huyohuyo shati la poliesta lililofumwa kwa kubana, umkalishe ndani ya daladala saa saba mchana, muulize akifika.

Godoro la sponji nalo ni plastiki, ingawa wengi hawalihesabu humo. Ni poliyurethani, iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937, kisha ikafanywa povu. Ujazo wake zaidi ya asilimia 95 ni hewa, na ndiyo maana nyonga na mabega hulipenda: linabonyea pale panapolemewa na kubeba pale palipo wepesi. Lakini hewa iliyofungiwa katika vijumba vidogo haitembei, na hewa isiyotembea ni blanketi. Ukilala chali usiku wa Machi, joto la mgongo linarudi mgongoni. Magodoro ya sufi ya wazee wetu yalikuwa na shida zake; yalijaa mabonge, yakahitaji kuanikwa na kupigwa fimbo, na kunguni waliyajua. Na kuna wanaolitandika godoro jipya bila kulivua nailoni ya dukani, eti lisichafuke. Usiku kucha linaalika kama bisi, na asubuhi nailoni imelowa.

Nisije nikaonekana nina kisa na plastiki. Palipo na maji haina mshindani. Nimekua katika nyumba yenye mitalawanda mlangoni mwa choo, viatu vya mbao vyenye kigingi cha kubana kwa vidole, na sauti yake usiku ilitangaza kwa mtaa mzima nani anakwenda wapi. Ubao ulilowa, ukatelezesha, ukaota ukungu. Kandambili zilipoingia hakuna aliyeililia. Na ukipanda Lushoto mwezi wa Julai, kalia kwanza baraza la saruji, kisha kiti cha plastiki. Utaona jinsi kisichovuta joto kinavyokuwa rafiki. Baraza hilohilo, likiwa kivulini huku Tanga, ndilo tunaloligombea jioni, kwa sababu lina uzito wa kutosha kulinyonya joto letu muda mrefu.

Shangazi yangu yuko Pangani, na kitanda chake ni cha zamani, cha matendegu yaliyochongwa. Kamba zilikuwa za usumba. Zilikuwa na raha ya pekee, upepo ukipita chini hadi mgongoni, ila zililegea kila baada ya miezi michache, na aliyekuwa akizikaza ni marehemu mumewe. Mwaka juzi alimwita kijana akaziondoa zote, akatanda upya kwa kamba za nailoni, kutoka mfumbati hadi mfumbati, kwa mtindo uleule wa macho makubwa. Hazijalegea mpaka leo. Juu yake katandika mkeka wa ukindu alioushona mwenyewe ukili kwa ukili, na juu ya mkeka shuka la pamba. Godoro la sponji nililompelekea liko ukutani, limesimamishwa, bado ndani ya nailoni yake.