Dizeli ya Mimea Kwenye Turbaini ya Gesi: Kweli au Uongo?

“Turbaini ya gesi huchoma gesi tu.” Uongo. Kabla gesi ya Songo Songo haijafika Dar es Salaam mwaka 2004, mitambo ya Ubungo ilikuwa ikinywa mafuta ya ndege. Turbaini nyingi za kufua umeme zinaweza kuchoma gesi na mafuta pia, na dizeli huwekwa akiba kwa siku ambayo bomba litapata hitilafu.

“Ukichanganya dizeli ya mimea, moshi hupungua.” Kweli, ila uliza kwanza inachukua nafasi ya nini. Ikichukua nafasi ya dizeli, nafuu ipo: salfa yake ni kidogo mno, na takriban asilimia 11 ya uzito wake ni oksijeni, ambayo huusaidia moto kumaliza kaboni kabla haijawa masizi. Ikichukua nafasi ya gesi asilia, hujapunguza moshi, kwa kuwa gesi hiyo huwaka karibu bila masizi. Tangazo lisilotaja mafuta linayojilinganisha nayo mimi silimalizi kulisoma.

“Oksaidi za nitrojeni nazo hushuka.” Inategemea. Gesi hizi huzaliwa pale hewa inapopita kwenye moto mkali mno. Katika injini za magari, dizeli ya mimea mara nyingi huziongeza kidogo. Katika turbaini, majaribio yametoa majibu yanayopishana. Tazama nozeli kabla ya kulaumu mafuta. Dizeli ya mimea ni nzito kuliko ya kawaida, na isipopashwa joto au kusukumwa vizuri hutoka kwa matone makubwa. Matone hayo hayawahi kugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa, hivyo huacha vitovu vya moto mkali hapa na masizi pale. Badilisha nozeli, na mafuta yaleyale yatakupa vipimo vingine.

“Mtambo utatumia mafuta kiasi kilekile.” Uongo. Kilo moja ya dizeli ya mimea ina takriban megajuli 37. Ya kawaida, karibu 43.

“Basi mimina alizeti moja kwa moja.” Uongo wa gharama kubwa. Mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Lazima kwanza yachanganywe na methanoli na kichocheo, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, kisha gliserini itenganishwe. Sodiamu isipooshwa vizuri hubaki ndani, na kwenye joto la turbaini huungana na salfa ya dizeli ya kawaida iliyochanganywa nayo na kuanza kula mapanga. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinaruhusu hadi miligramu 5 za sodiamu na potasiamu kwa kilo. Hiyo inatosha kwa lori. Turbaini huhitaji mafuta safi zaidi ya hapo.

“Haiongezi hewa ukaa, kwani mmea uliinyonya ukikua.” Nusu kweli. Methanoli yenyewe kwa kawaida hutokana na gesi asilia, na mbolea nayo hudai nishati. Nchini Indonesia, misitu ya ardhi ya mboji imekatwa kupisha michikichi, na udongo huo ukikaushwa hutoa hewa ukaa kwa miaka mingi. Kwetu ahadi ilikuwa mbono, mmea usioogopa ukame. Kampuni ya Uingereza iliyoupanda Kisarawe ilifilisika mwaka 2011. Ukame mbono huuvumilia kweli, ila bila maji hauzai mbegu za kutosha kukamuliwa.