Tusifukie Mifuniko ya Chemba

Uwanja ulio nyuma ya jiko letu sasa unatandikwa mawe bapa ya saruji, na sisi wanafunzi wa darasa la juu tunamsaidia fundi. Katikati yake ipo mifuniko miwili ya chemba za maji machafu. Wenzetu wengi wameuliza, "Kwa nini msiifukie, uwanja upendeze?" Yafaa niwajibu hapa, maana hata wanafunzi wa zamani wanajenga nyumba zao.

Chemba huwekwa mahali bomba linapokata kona au kukutana na jingine, kwa kuwa ndipo uchafu hukwama. Bomba likiziba, fundi hufunua mfuniko, akaingiza fimbo ndefu na kuzibua. Mfuniko ukiwa chini ya mawe, hana njia, na maji machafu hayamngoji. Hurudi nyuma yakatokea chooni au jikoni. Naijua nyumba moja ambayo sakafu yake mpya ya uani ilivunjwa mahali patatu kabla mfuniko haujaonekana. Ilikuwa wakati wa mvua za Aprili, na watu wa nyumba hiyo walikaa siku mbili bila choo.

Basi kazi hufanywa hivi. Kwanza chemba huzibwa kwa ubao na magunia, mchanga na saruji visianguke ndani. Kisha fundi hung'oa fremu ya chuma, akaongeza safu ya matofali ya kuchoma juu ya kuta za chemba, kwa udongo wa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Fremu hurudishwa iwe sawasawa na uso wa mawe: ikizidi juu, watu watajikwaa, ikiwa chini, maji yatatuama. Nayo hufuata mteremko wa uwanja, ambao hushuka kutoka nyumbani sentimeta 1 kwa kila sentimeta 60 hadi 80. Mawe ya kando hukatwa yafuate fremu, wala yasiulalie mfuniko.

Apendaye uzuri asikate tamaa. Iko mifuniko iliyo kama sinia, ambayo mawe yale yale hupangwa ndani yake, ukabaki ukingo mwembamba wa chuma tu. Lakini ni mizito; huinuliwa na watu wawili kwa funguo zake.

Uzito nao ufikiriwe. Kwa kipimo cha Ulaya, mfuniko wa A15, unaojaribiwa kwa mzigo wa kama tani 1 na nusu, ni wa waendao kwa miguu na baiskeli. B125, kama tani 12 na nusu, ni wa motokaa ndogo. Kwetu lori la kuni hupita, kwa hiyo twahitaji D400, kama tani 40.

Mwisho, tujihadhari. Hewa ya chemba hunuka kama yai viza, na ikizidi huua pua isisikie harufu tena, kisha humwua mtu. Asiingie mwanafunzi yeyote. Wala chemba isiachwe wazi usiku, maana wadogo zetu hupita wakikimbia.

Nawe unayejenga, kabla ya kutandika jiwe la kwanza, andika mahali pa kila chemba katika ramani ya nyumba yako, uiweke mahali ambapo wanao wataiona.