Jiometri ya Ulinzi katika Mpira wa Magongo

Mwezi Julai 1980, katika Michezo ya Olimpiki mjini Moscow, timu ya Tanzania ya mpira wa magongo, yaani hoki, ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. India ndiyo iliyotwaa nishani ya dhahabu mwaka huo. Matokeo ya namna hiyo yanazusha swali: je, timu changa yaweza kujikingaje mbele ya timu yenye ustadi zaidi? Sehemu ya jibu imo katika jiometri, nayo yaweza kupimwa kwa kamba na vigingi katika kiwanja chochote cha shule, hata pale Gendabi, chini ya Mlima Hanang.

Timu huwa na wachezaji 11. Mpangilio unaofaa vijana ni mlinda mlango, walinzi 4, viungo 3 na washambuliaji 3.

Mpira hushinda miguu

Mpira unaokwenda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde hupita mita 15 kwa sekunde moja. Mwanafunzi akimbiaye mita 5 kwa sekunde huhitaji sekunde 3. Kwa hiyo kuufukuza mpira ni kazi bure. Lililo la maana ni kuziba njia yake. Mlinzi mmoja humkabili mwenye mpira, wa pili husimama nyuma yake kwa mshazari, na kiungo huziba pasi ya katikati. Watatu hao hufanya pembetatu inayohama pamoja na mpira.

Kulipunguza lango

Lango lina upana wa mita 3.66. Mshambuliaji aliye mita 14 mbele ya katikati yake huuona upana wote. Walinzi wakimsukuma pembeni, kwa umbali uleule, hata mstari wake ufanye nyuzi 60 na mstari wa katikati, lango humwonekea kama lenye mita 1.83 hivi, yaani nusu tu.

Mlinda mlango naye ana njia yake. Mpigaji akiwa mita 14 mbele ya lango, naye akasogea mbele mita 7, kanuni ya pembetatu zinazofanana yaonyesha kwamba atakinga mita 1.83 badala ya 3.66. Lakini nyuma yake lango li wazi. Pasi moja ya pembeni yatosha kumwadhibu. Ndiyo sababu hatoki mpaka mlinzi wa pili awe mahali pake.

Jaribio

Simikeni vigingi viwili, mita 3.66 kati yao. Fungeni kamba kutoka kila kigingi hadi kwa mpigaji, kisha pimeni nafasi iliyo kati ya kamba hizo katika umbali mbalimbali. Katika mazoezi yafuatayo tumieni mpira wa tenisi, kwani mpira wa hoki ni mgumu, una gramu 156 hadi 163, nao waweza kumjeruhi asiye na kinga. Palipo na mabonde, pasi ziwe fupi.

Aliyekwisha kuzipima kamba hizo hahitaji tena kuambiwa kwa nini asiache mahali pake.