Daftari la Pikipiki Kuukuu

Mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe hamnunui kwa rangi yake. Humfunua kinywa akatazama meno, humwendesha mbele yake apate kuona mwendo wake, kisha huuliza habari zake kwa watu wanaomjua. Lakini pikipiki kuukuu haina meno, na muuzaji akiisha kuisugua na kuipaka rangi, hung'aa kama iliyotoka dukani jana. Wazee walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mnunuzi afanyeje ili ajue yaliyofichwa chini ya rangi? Asipoyajua, fedha si hasara pekee; breki zikikataa kushika mteremkoni, aweza kupoteza maisha yake.

Katika Uingereza liko daftari la kumsaidia mtu huyo. Mwaka 1960 serikali ya huko iliamuru magari yaliyopita umri wa miaka 10 yakaguliwe. Mengi yalionekana mabovu, hata umri ule ukapunguzwa mwaka 1961 ukawa miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3. Mpaka leo ukaguzi huo huitwa M.O.T., yaani herufi za kwanza za jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi iliyouanzisha. Katika Uingereza, Uskoti na Wales, pikipiki iliyotimiza miaka 3 hupelekwa kila mwaka kwa mkaguzi mwenye idhini, isipokuwa zile za kale sana. Mkaguzi hutazama breki, taa, honi, mipira, magurudumu, usukani, springi, mnyororo na fremu.

Majibu yake huandikwa katika daftari la serikali, na yale ya tangu mwaka 2005 husomwa katika intaneti. Mtu yeyote ajuaye namba ya pikipiki aweza kuyasoma bila malipo. Huona tarehe ya ukaguzi, maili zilizokwenda, kama pikipiki ilifaulu au ilishindwa, na makosa yaliyoonekana. Tangu mwaka 2018 makosa hayo hugawanywa kuwa ya hatari, makubwa na madogo. Mojawapo la aina mbili za kwanza latosha kuiangusha pikipiki. Tena yako maneno ya tahadhari, yaani mkaguzi huonya kwamba kitu fulani hakijaharibika bado, lakini kimeanza kulika.

Mtu asiye na busara hutazama ukurasa wa mwisho tu. Akiona imefaulu, hutoa fedha zake. Lakini cheti ni ushahidi wa siku moja, na daftari zima ni ushahidi wa miaka mingi. Mwalimu hamjui mtoto kwa mtihani mmoja. Humjua kwa kulinganisha mitihani yake yote.

Ichukuliwe mifano ya pikipiki mbili, kila moja ina umri wa miaka 9. Ya kwanza haikushindwa hata mara moja. Lakini mwaka baada ya mwaka mkaguzi aliandika onyo lile lile, kwamba mpira wa nyuma una nyufa na mnyororo umelegea. Kisha miaka miwili ikapita bila ukaguzi wowote, na maili zilizoongezeka ni chache mno. Ya pili ilishindwa mara mbili, kwanza kwa taa ya mbele, na baadaye kwa breki zilizolika. Kila mara ilitengenezwa, ikarudishwa kwa mkaguzi kabla juma halijaisha, ikafaulu. Wala kosa lile halikuonekana tena. Maili zake huongezeka karibu 3,000 kila mwaka.

Mjinga huchagua ya kwanza, maana haina doa. Mwenye akili huchagua ya pili. Daftari lake lasema kwamba mwenyewe aliitumia, akasikia alipoonywa, akatengeneza kilichoharibika. Mwenye ile ya kwanza alisoma onyo akalikunja akaliweka mfukoni. Na mtu asiyebadili mpira ulioonekana kwa macho, haielekei kwamba alibadili mafuta ya injini yasiyoonekana. Tena pikipiki iliyosimama muda mrefu haipumziki, bali huharibika polepole. Petroli huchacha, tangi huingia kutu, na mipira hukauka.

Maili nazo zina habari zake. Zapasa kupanda mwaka hata mwaka kama ngazi. Zikishuka, huenda mtu amekichezea chombo kinachozihesabu, au amekibadili, au karani ameandika vibaya. Mnunuzi asimshtaki mtu kwa haraka. Na aulize kwanza, aonyeshwe hati. Vivyo hivyo mwaka usio na ukaguzi waweza kuwa na sababu njema, kwa mfano mwenyewe aliugua na pikipiki ikawekwa ghalani. Lakini muuzaji mkweli hujibu bila kigugumizi, maana njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo daftari lina mipaka yake. Mkaguzi hutafuta usalama wa barabarani, hatafuti nguvu wala uimara wa injini. Haifungui injini, wala hakagui hali ya klachi na giaboksi. Pikipiki yaweza kufaulu asubuhi, na jioni injini ikafa. Kwa hiyo mnunuzi akiisha kulisoma daftari, na aende akaitazame pikipiki yenyewe pamoja na fundi amwaminiye. Na aiwashe ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Asikilize sauti yake, atazame rangi ya moshi, na kuona kama mafuta yanavuja chini. Kisha alinganishe namba iliyopigwa katika fremu na ile iliyo katika hati, asije akanunua mali ya wizi.

Hivyo daftari halimwambii mtu kwamba pikipiki haitaharibika kamwe, kwa sababu hakuna chuma kisicholika. Humwambia jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni jinsi chuma kile kilivyotunzwa na mikono iliyokishika kwanza. Chombo kizuri katika mikono ya mvivu huwa kibovu upesi, na chombo cha kawaida katika mikono ya mwangalifu hudumu miaka mingi.