Ng'ombe wa harusi: hatari huanza kabla ya chungu

Ukipita vichochoro vya Bombolulu asubuhi ya Idd-ul-Hajj, au Jumamosi yenye harusi kubwa, huna haja ya kuulizia nyumba. Moshi wa kuni, kelele za watoto na ng'ombe aliyefungwa kwenye mwembe vitakuonyesha. Visu vinanolewa, masufuria yameinuliwa juu ya mafiga, na wapishi wa pilau washaanza kuuliza nyama iko wapi.

Huenda wewe pia, msomaji, umewahi kushika mguu wa ng'ombe kama huyo akilazwa. Je, uliuliza katoka wapi? Ulimtazama macho na pua kabla kisu hakijafika shingoni? Na baada ya kuchunwa, nyama ililala wapi, na kwa muda gani?

Mwandishi wa makala haya alihudhuria harusi moja mtaani humo ambako ng'ombe alichinjwa alfajiri. Fundi wa kuchuna akachelewa. Mnyama akalala chini, matumbo yakiwa ndani, hadi saa tatu jua likiwa limekwisha kuwa kali. Alipopasuliwa, kisu kikatoboa tumbo na majani mabichi yakamwagikia mapajani. Kijana mmoja akaleta ndoo ya maji akamwaga juu ya nyama yote, "kusafisha". Pilau ya mchana haikumdhuru mtu. Lakini nyama iliyobaki ilikaa katika karai hadi magharibi, ikageuzwa mishkaki ya kuchomwa haraka haraka, na waliokula walikesha wakipishana chooni. Aliyelaumiwa ni mpishi, maskini.

Kosa lilifanyika saa kumi na mbili kabla mishkaki haijawekwa motoni. Tumbo la ng'ombe mkubwa laweza kubeba zaidi ya lita 100 za majani na maji, na humo mmejaa mamilioni ya vijidudu ambavyo havifi mnyama anapokufa. Huendelea kuchacha, tumbo likafura, na baada ya muda vijidudu vikaanza kupenya kuingia katika nyama. Mwili wa ng'ombe una joto la digrii 38 au 39 hivi. Kwa hali ya hewa ya Mombasa, ambapo kivuli chenyewe hufika digrii 30, mzoga mzima haupoi wenyewe. Ngozi ni blanketi. Paja nene huweka joto karibu na mfupa kwa saa nyingi, na ndiyo sababu nyama huweza kuonekana safi kwa nje huku ikinuka mfupani.

Jambo hili wawindaji wa zamani walilijua bila ya kipimajoto. Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini nyuma ya pwani yetu, katika nyika za Tsavo, Wawaata (ambao wengine huwaita Waliangulu) walikuwa mabingwa wa kuangusha ndovu kwa upinde na mshale wa sumu. Nyama ya mnyama mkubwa kiasi hicho haibebeki kwa siku moja. Ilibidi ichanwe vipande vyembamba na kuanikwa. Kipande chembamba hupoteza joto na maji upesi, na vijidudu havipendi pakavu.

Basi tukirudi kwa ng'ombe wetu chini ya mwembe, kazi njema huanza jana yake. Asilishwe usiku wa kuamkia kuchinjwa, ila apewe maji tele. Tumbo lililopungua halipasuki ovyo. Apumzike. Mnyama aliyekimbizwa au kupigwa hadi kuchoka humaliza nguvu iliyomo misulini, na nyama yake huwa nyeusi, yenye kunata, na huharibika mapema. Wanaomfukuza ng'ombe mtaani kwa mchezo, huku watoto wakishangilia, hawajui kwamba wanaiharibu karamu yao wenyewe.

Akishachinjwa, damu iachwe itoke yote, kisha kazi ya kuchuna ianze bila kungoja mtu. Matumbo yawe nje katika nusu saa hivi. Palipo na mti imara au boriti, mnyama aning'inizwe. Pasipokuwapo, alazwe mgongo juu ya ngozi yake iliyotandazwa au turubali safi, wala si mchangani. Nje ya ngozi ndiko kwenye samadi, kwa hiyo mkono unaoshika ngozi usishike nyama. Fundi mzuri utamjua kwa hilo tu: mkono mmoja wa ngozi, mmoja wa kisu, na ndoo ya maji ya moto karibu yake ya kuoshea kisu mara kwa mara.

Kabla ya kuvuta matumbo, umio ufungwe kwa kamba, na mwisho wa utumbo mpana ufungwe vivyo hivyo, ili kilichomo kisimwagike. Tumbo lipasuliwe makali ya kisu yakitazama nje, vidole viwili vikitangulia ndani kuyasukuma matumbo mbali. Kifuko cha nyongo na kibofu cha mkojo visitobolewe. Na ikiwa uchafu umemwagika? Usimwage maji. Maji huusambaza uchafu kutoka paja moja hadi mzoga mzima. Kata sehemu iliyochafuka, uitupe, hata kama ni kilo nzima na mwenye harusi anakutazama kwa jicho baya.

Sasa tazama viungo vya ndani, maana ndivyo vinavyosema mnyama alikuwa na nini. Ini na mapafu yenye mafuko ya maji ni dalili ya minyoo ambayo mbwa huieneza. Usimrushie mbwa hata kipande, bali vizikwe chini sana au vichomwe. Uvimbe wenye usaha mgumu mapafuni waweza kuwa kifua kikuu. Vijifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele ndani ya misuli ni watoto wa tegu. Hata hivyo, jicho lako si jicho la mkaguzi. Nyama ya kuuzwa ni lazima kisheria ikaguliwe na kupigwa muhuri, na tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Kumwalika mkaguzi kuja kumtazama ng'ombe wa harusi ni gharama ndogo kuliko kukodi viti.

Lakini kuna mnyama ambaye hafai hata kupasuliwa. Huyo ni yule aliyekutwa amekufa, yaani kibudu, ambaye wapo wanaomwahi kwa kisu ili asionekane hasara. Kimeta huua ghafla. Mzoga hufura upesi, damu nyeusi isiyoganda hutoka puani na nyuma. Ukimpasua, vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujivika gamba na kukaa udongoni miaka mingi, na wewe mchunaji ndiwe wa kwanza kuambukizwa, kupitia mkwaruzo mdogo wa kidole. Huanza kama kipele, kisha kidonda kisichouma chenye ukoko mweusi. Ukikiona baada ya kushika mzoga, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze ulishika nini, hutibika kikiwahiwa.

Wanyama wa porini nao hawana kinga. Mwaka 2004 kimeta kiliua mamia ya viboko nchini Uganda, na mwaka 2015 kikaua nyati wengi katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Ndiyo sababu nyama ya mwituni inayopitishwa kwa siri kutoka upande wa Tsavo na kuuzwa kama ya mbuzi ni hatari maradufu, mbali na kwamba ni kosa la jinai. Mnyama aliyenaswa kwa waya huenda alikufa jana usiku, hakutoka damu, wala hakuna aliyeona ini lake.

Baada ya mvua kubwa kuna jambo jingine. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, huenezwa kwa mifugo na mbu. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulioanzia Garissa ulifika hadi Kilifi na kuua zaidi ya watu 150 nchini. Wengi walioambukizwa walikuwa wamechinja, wamechuna au wamehudumia mnyama mgonjwa. Damu ndiyo iliyowaponza. Ng'ombe mwenye homa, au aliyetoka kutupa mimba, asiguswe kwa kisu. Na mwenye kuchinja msimu huo avae glavu za mpira na viatu vilivyofunika miguu.

Imebaki ile desturi tamu ya fundi wa kuchuna kupewa ini likiwa bado na joto, akalichoma papo hapo juu ya makaa. Si vibaya. Lakini likatwe kwa kisu kingine, si kile kilichotoka kwenye ngozi, na libaki motoni hadi likipasuliwa katikati pasionekane wekundu.