Dini ya Mgeni na Mwenyeji Wake

Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Aliyeifungua rasmi mwaka 1985 ni Oliver Tambo, ambaye kabla ya kwenda uhamishoni alikusudia kuwa padri.

Tambo alikuwa rafiki wa Trevor Huddleston, padri wa Kiingereza aliyefika Sophiatown mwaka 1943. Nyumba za waumini wake zilipobomolewa, padri huyo alisimama nao dhidi ya serikali ya weupe wenzake, hata wakuu wa shirika lake wakamrudisha kwao mwaka 1956. Mwaka 1960 akaja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Ndugu zetu wa Visiwani wakumbuke kwamba mbegu ya Masasi ilitoka Unguja: ni Askofu Steere aliyewapeleka huko watumwa waliokombolewa, mwaka 1876. Huddleston alikaa miaka minane kati ya Wakristo na Waislamu, kisha akakiacha kiti kwa Mwafrika.

Sisi tulioanzia chuoni kwa maalimu twaujua ugeni wa namna hiyo. Mwenyeji hutazama kwanza mgeni anaishije na jirani, ndipo asikilize mahubiri. Basi maofisa wanaokagua vibali vya wahubiri wa kigeni wasiishie kwenye muhuri. Wawaulize pia majirani.

Wageni wa Mazimbu walirejea kwao mwaka 1992, majengo wakaikabidhi Serikali, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi ya wenzao yangali pale.